Benki Zitujibu kwa Lugha Tunayoielewa

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Je, daftari likiwa mikononi mwa benki, nawe ukiuliza hujibiwi, mali hiyo utaifuata wapi?

Muhula uliopita niliandamana na mama hadi benki kutoa pesa za karo yangu. Mama huuza mboga sokoni na kila Jumamosi huweka kidogo alichopata. Kwa hesabu yake akiba ilikuwa shilingi 9,000. Tulikuta 7,860. Shilingi 1,140 zilikuwa zimekatwa. Na nani? Kwa nini?

Karani wa kwanza alisema, "Mama, hiyo ni sistimu." Wa pili akatutuma dawati jingine. Huko tukaambiwa ati tulipie kwanza taarifa ya akaunti. Yaani ulipe ndipo ujue ulilipishwa nini! Karatasi ilipotoka ilijaa vifupisho vya Kiingereza ambavyo hata mimi wa kidato cha tatu sikuvielewa. Mama alinitazama, nami nikaangalia chini kwa aibu. Karo haikutimia, nikakosa masomo siku tatu.

Baada ya wiki mbili ndipo tulipoelezwa. Shilingi 240 zilikuwa ada za akaunti na za ujumbe wa simu. Zile 900 zilikatwa kimakosa, zikarudishwa. Hakuna aliyesema pole.

Nakubali kwamba makarani wana foleni ndefu. Nakubali pia kuwa sisi hutia sahihi fomu bila kusoma, kisha tukashangaa tukikatwa ada. Lakini hiyo si sababu ya kumzungusha mteja. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 46, inampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi huduma anayoilipia. Ibara ya 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Basi kuna ugumu gani kuandika "ada ya akaunti"?

Nanyi wenzangu, mzazi akikatwa pesa asizozijua, msaidieni. Andikeni lalamiko lenye tarehe na kiasi, mbaki na nakala iliyopigwa muhuri. Benki ikinyamaza, Benki Kuu ya Kenya ipo.

Kuuliza si ujinga, wala si kumwita mtu mwizi. Siku hizi mama ana daftari lake, na karani wake ni mimi.