Dhoruba ya Jua na mnada wa korosho: Hatari iko wapi?

KOROSHO za Masasi na Newala sasa hutafutiwa bei kwa njia ya kielektroniki. Tangu msimu wa 2024/25, vyama vikuu vya ushirika vya MAMCU na TANECU vimeuza korosho za wakulima kupitia mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Kwa sababu hiyo, mkulima ana haki ya kuuliza: mtandao ukizimika, wa kulaumiwa ni nani?

Swali hilo lilipata uzito Mei 2024. Usiku wa Mei 10 kuamkia Mei 11, Dunia ilikumbwa na dhoruba ya sumaku ya daraja la juu kabisa, ya kwanza ya kiwango hicho tangu Oktoba 2003. Mei 12, intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi jirani. Ilikuwa rahisi kuyahusisha matukio hayo mawili. Hata hivyo, chanzo kilikuwa hitilafu ya mikongo ya EASSy na Seacom, chini ya bahari kati ya Msumbiji na Afrika Kusini.

Je, Jua halina madhara? Lina madhara, ila kwa njia nyingine. Upepo wa Jua, ambao ni chembe zenye umeme zinazosafiri takriban kilometa 400 kwa sekunde, huubana uga wa sumaku wa Dunia upande wa mchana na kuuvuta upande wa usiku, ukawa mkia unaopita umbali wa Mwezi. Mkia huo hulimbikiza nishati. Mistari yake ya sumaku inapokatika na kuungana upya, nishati hiyo hufyatuka kuelekea Dunia. Setilaiti tano za THEMIS, zilizorushwa na Marekani mwaka 2007, zilishuhudia mfuatano huo mwaka 2008.

Pigo kubwa huangukia maeneo yaliyo karibu na ncha za Dunia. Ndiyo maana jimbo la Quebec, Kanada, lilikaa gizani kwa takriban saa tisa Machi 1989. Masasi na Newala, zilizo karibu nyuzi 11 kusini mwa Ikweta, ziko mbali na pigo hilo. Kinachoweza kuzigusa ni mtikisiko wa tabaka la juu la anga, ambao huvuruga mawimbi ya setilaiti na kupotosha vipimo vya GPS vinavyotumiwa na wapima ardhi.

Kwa mkulima wa korosho, basi, hatari iliyo karibu zaidi imo baharini. Njia mbadala za mawasiliano zinapaswa kuwa tayari kabla ya msimu, kwani mkongo huweza kukatika hata Jua likiwa limetulia.