Mpeni bisibisi, mambo ya "jiamini" baadaye

Haya wadau, nimerudi Mlimani toka fildi, koo limekauka kwa chaki, lakini nina la kusema.

Shule niliyopangiwa kulikuwa na dogo wa kidato cha kwanza anayekula peke yake kila siku. Wenzie walimwita Bubu. Nami na saikolojia yangu ya elimu nikamwita pembeni, nikamwambia ajiamini. Akasema "ndiyo, madam", akarudi kukaa peke yake. Nilijiona mjinga kweli.

Wiki ya nne nikaja darasani na takataka: mota ya gari bovu la kuchezea, betri mbili za volti 1.5, kopo la mtindi na maka peni tatu. Peni ndiyo miguu, mota inakaa juu ya kopo, na kwenye ncha yake unachomeka kipande cha kifutio kiegemee upande mmoja. Mota ikizunguka, kopo zima linatetemeka na kutembea huku likichorachora kwenye manila. Wa uhandisi msinicheke, najua roboti kamili inataka vitambuzi na programu.

Langu likagoma. Linanguruma tu, haliendi. Darasa zima kicheko. Bubu akaja mbele bila kuitwa, akasema kwa sauti ya chini, "Madam, kifutio kiko katikati, ndiyo maana haliyumbi." Akakisogeza. Kopo likaondoka! Ila waya ulikuwa unachomoka, na mikono yake ni miwili tu. "Njoo shika hapa," akamwambia jirani yake. Sikuwahi kumsikia akimwomba mtu kitu.

Wiki ile ile wakaanza kumwita kwa jina lake.

Sasa nilipopendekeza klabu, nikaambiwa tuchague kumi bora. Jamani! Kumi bora wanapigiwa makofi kila Ijumaa mstarini. Mwaka 2002 kule Malawi, William Kamkwamba alikuwa nje ya shule kwa kukosa ada alipojenga kinu chake cha upepo kwa vyuma chakavu, watu wakimwona amechanganyikiwa. Kwenye orodha ya nani angekuwemo? Aliyelipia dainamo ya baiskeli ni rafiki yake Gilbert, si mwalimu.

Nikabishana, klabu ikafunguliwa kwa yeyote anayetaka. Kopo nimewaachia. Shida ni mota, wanayo moja na wako kumi na tisa. Mwenye gari bovu la mdogo wake anitafute hosteli.