Hifadhi Bila Wageni

Ndugu wasomaji wa Ngara na Biharamulo, mwezi huu tuzungumze juu ya jirani yetu mkubwa. Jirani huyo ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato.

Wengi wetu tunamjua kwa majina ya zamani. Tulisema pori la Biharamulo, pori la Burigi, pori la Kimisi. Yalikuwa mapori ya akiba matatu. Mwaka 2019 yaliunganishwa yakawa hifadhi moja ya taifa. Rais John Magufuli aliizindua huko Chato mwezi wa Julai mwaka huo. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 4,707. Wilaya ya Ngara yote ni ndogo kuliko hifadhi hiyo.

Je, pori la akiba na hifadhi ya taifa vina tofauti gani? Katika pori la akiba, mtu mwenye kibali cha serikali anaweza kuwinda na kulipia mnyama aliyemwinda. Katika hifadhi ya taifa hakuna kuwinda kabisa. Hakuna kulisha ng'ombe. Hakuna kukata miti. Njia ya kupata fedha humo ni moja: watu waje watazame. Basi mwaka 2019 mlango wa wawindaji ulifungwa, na mlango wa watazamaji ukafunguliwa. Wanaopita mlango huo bado ni wachache sana ukilinganisha na Serengeti au Kilimanjaro. Hapo ndipo penye shida yetu. Wageni wasipokuja, sisi tunabaki na katazo bila faida.

Najua baadhi yenu mtasema, "Wageni wanatuhusu nini? Sisi tunataka shamba na malisho." Maneno hayo si ya kupuuzwa. Mwaka 2017 mifugo iliondolewa katika mapori, na wako wafugaji walioumia. Tembo wakiingia shambani usiku mmoja, mahindi ya mwaka mzima yamekwisha. Sheria ya mwaka 2009 ya kuhifadhi wanyamapori imeweka kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao, na kifuta machozi kwa waliofiwa au kujeruhiwa. Jina lenyewe linakuonyesha: jasho linafutwa, halilipwi. Hata hivyo, haki hiyo ni yako. Toa taarifa mapema kwa mtendaji wa kijiji, naye amwite ofisa wa wanyamapori aje apime hasara. Andika tarehe. Andika ukubwa wa shamba. Ulikwenda kisomo kwa ajili ya mambo kama haya.

Lakini kifuta jasho hakijengi nyumba. Tutazame wenzetu wanavyoishi na hifadhi zao.

Mlima Kilimanjaro ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1973, na wageni wakafunguliwa mlango mwaka 1977. Kilele chake kina meta 5,895. Mgeni haruhusiwi kuupanda peke yake. Ni lazima awe na mwongozaji mwenye leseni. Tena safari si ya siku moja. Kwenda na kurudi ni siku 5, 6, hata 8. Siku zote hizo mgeni anakula, analala, na mizigo yake inabebwa. Kwa hiyo kila kundi la wageni lina mwongozaji, mpishi na wapagazi wengi. Mayai yanatoka vijijini. Viazi, mboga, ndizi na nyama vinatoka vijijini. Mkulima wa Marangu au wa Machame ambaye hajawahi kufika kileleni anakula kwa mlima ule.

Nisiwafiche: wapagazi wa Kilimanjaro nao wamelalamika kwa miaka mingi juu ya ujira mdogo na mizigo mizito. Siku hizi mpagazi hatakiwi kubeba zaidi ya kilo 20, na mizigo hupimwa kwa mizani langoni. Walipata hayo kwa kusema, na kwa kujiunga katika vyama vyao. Kazi ya utalii ni kama kazi nyingine. Asiyejua bei ya jasho lake hupunjwa.

Sasa tuvuke mto Kagera. Wenzetu wa Rwanda wana hifadhi ya milima ya volkano wanakoishi sokwe wakubwa wa milimani. Mgeni anayetaka kuwaona hulipa fedha nyingi sana kwa saa moja tu. Tangu mwaka 2005 serikali yao ilitoa asilimia 5 ya mapato ya hifadhi kwa vijiji vya jirani. Mwaka 2017 ikaongeza kuwa asilimia 10. Maana yake, katika kila faranga 100 zinazoingia, faranga 10 zinakwenda kwa wanavijiji. Zinajenga madarasa, zahanati na visima. Mwanakijiji wa huko akimwona mtu ametega mtego, anajua nani anaibiwa.

Mtasema, "Wao wana sokwe." Basi tazameni hifadhi yao nyingine, Akagera, iliyo karibu nasi zaidi. Hiyo iliharibika vibaya wakati wa vita ya 1994 na baada yake. Simba walikwisha kabisa. Mwaka 2015 waliletwa simba wengine, na mwaka 2017 wakaletwa faru. Wageni wakarudi.

Mwaka ule wa 1994 sisi hatukusimuliwa. Mwishoni mwa Aprili, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kwa siku chache tu. Ngara iliwapokea, na kambi ya Benaco ikawa kama mji. Watu wale walihitaji kuni na kitoweo, na mapori yetu yakalipa. Baadaye majambazi walijificha porini, hata mabasi yakapita kwa kusindikizwa na askari wenye silaha. Leo twiga, pundamilia, nyamera na viboko wa Ziwa Burigi wapo. Walipona. Wanaokosekana ni watu wa kuwatazama.

Wageni hao watatoka wapi? Wengine wanatupita kila siku! Barabara ya Lusahunga hadi Rusumo inabeba wasafiri wa Rwanda na Burundi usiku na mchana. Wanakunywa chai Nyakahura, wanakula Benaco, wanakwenda zao. Nani amewaambia kwamba pembeni mwa barabara kuna hifadhi? Wenye hifadhi waweke vibao vinavyosomeka, na malango na barabara za kupitika upande wa Ngara na Biharamulo. Hayo tuyadai kwa diwani na mbunge. Lakini nyumba safi ya kulala, choo safi, asali iliyochujwa vizuri, na senene waliokaangwa vikavu wakati wa msimu, hayo hayamsubiri mbunge.

Kupokea wageni si jambo geni Kagera. Mwaka 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika Karagwe. Mfalme Rumanyika aliwapokea kwa heshima. Grant aliugua mguu, akabaki huko miezi kadhaa akitunzwa. Jina la mfalme huyo sasa limepewa hifadhi ya milima ya Rumanyika-Karagwe, iliyoanzishwa nayo mwaka 2019. Mlima hutazamwa vizuri kwa miguu, na mtembezi anahitaji kijana anayejua njia na majina ya ndege. Kijana huyo atoke kijijini.

Neno kuhusu ardhi. Hifadhi ikianza kupata wageni, watakuja watu kuomba ardhi ya kijiji wajenge hoteli. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema kwamba halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti hawezi kuitoa peke yake ofisini. Hudhuria mkutano. Omba muhtasari usomwe kwa sauti.

Na sisi wenyewe tuingie. Raia hulipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo kuliko mgeni wa nje anayelipa kwa dola. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa simu au benki. Anayekutaka umpe noti mkononi, mkatalie. Walimu wanaotaka kupeleka wanafunzi wapange safari kati ya Juni na Septemba. Wakati huo njia ni kavu, majani ni mafupi, na wanyama husogea ziwani kunywa maji.