Nyumba mpya Majengo zisiwanyang'anye wazee baraza zao

Mpwani akisikia "Majengo", mawazo humwendea Mombasa. Lakini iko Majengo nyingine, ile ya Pumwani, mashariki mwa Nairobi, ambayo nayo ni mtaa wetu kwa lugha, kwa dini na kwa mila. Ina barabara iitwayo Digo na msikiti uitwao Riyadha, jina ambalo mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa. Serikali ya kikoloni iliufungua mtaa huu mwaka 1921. Miaka mia na ushei baadaye, wajukuu wa wakazi wa kwanza bado wamo, na wengi wao sasa ni wazee.

Pita pale baada ya swala ya alasiri. Wazee wamekaa barazani, mbele ya nyumba za vyumba. Huyu ana kikombe cha kahawa tungu, wale wawili wameinamia drafti, na wengine wanabishana siasa kana kwamba uchaguzi ni kesho. Ukiingia ndani, uani utawakuta akina bibi wakichambua mchele, wakihesabu pesa za chama na kupanga nani atapika nini katika arusi ya Jumamosi. Mzee asipoonekana siku mbili, mtu atabisha mlango wake kumjulia hali.

Nimeanza na picha hiyo kwa sababu duniani kuna watu wanaoinunua kwa pesa nyingi. Huko Arizona, Marekani, mji wa wastaafu uitwao Sun City ulifunguliwa tarehe 1 Januari 1960, na tangu hapo miji ya namna hiyo imezaana. Ukitazama kwa makini, kinachouzwa pale si nyumba tu. Zinauzwa klabu, mabwawa ya kuogelea, viwanja vya gofu na, juu ya yote, wenzako wa kukaa nao. Mstaafu analipia asiwe peke yake.

Na ana sababu. Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyokadiria kwamba mtu mmoja kati ya kila sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 870,000 kila mwaka. Kwa hivyo, mzee kuwa na watu wa kuzungumza nao ni jambo la afya, sawa na dawa ya presha.

Hapa Kenya sheria iko upande wa wazee. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinataka mzee aishi kwa heshima, atunzwe na familia pamoja na Serikali, na ashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Tangu 2018 mpango wa Inua Jamii umewafungulia mlango wote waliotimiza miaka 70, kwa Sh2,000 kwa mwezi. Zanzibar ilitutangulia mwaka 2016, ikianza na Sh20,000 za Tanzania. Pesa hizi ni kidogo, na kwetu mara nyingi huchelewa, lakini zina maana. Hata hivyo, Sh2,000 hainunui jirani. Hilo la "kushiriki katika jamii" hakuna wizara inayoliwekea bajeti, na Majengo limekuwapo kwa sababu ya namna nyumba zilivyojengwa.

Nyumba ya Majengo ni ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma na baraza mbele. Mwenye nyumba, na wengi tangu zamani walikuwa wanawake, hukaa chumba kimoja na kupangisha vingine. Kodi humpa chakula, na wapangaji humpa watu. Kijana wa kazi Gikomba humsalimia akitoka alfajiri na kumletea mkate akirudi jioni. Bibi naye huamua ugomvi, huangalia watoto na kujua nani anaumwa. Sun City huwatenga wazee na vijana, lakini ukumbi wa Majengo unawakutanisha kila siku, tena bila ada ya uanachama.

Sasa nyumba hizo zimechoka, na tusidanganyane kwamba umaskini ni mila. Choo kimoja kwa watu wengi, mabati yenye kutu, maji ya kupigania na hofu ya moto si mambo ya kuenziwa. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilipitishwa Machi 2024, mwajiriwa anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mitaa ya zamani ya Eastlands ndiyo inayotazamwa kwa ajili ya maghorofa. Majengo haiwezi kubaki ilivyo, wala haistahili kubaki hivyo.

Swali ni mzee atawekwa wapi. Mpe ajuza wa miaka 75 chumba kizuri ghorofa ya saba, chenye maji na stima. Siku lifti itakapokufa, naye amekufa kijamii. Hatashuka kwenda chamani, shoga yake hatapanda, na msikiti atausikia kwa adhana tu. Juu ya hayo, ile kodi ya vyumba vyake imekatika. Juzi alikuwa mwenye nyumba aliyeheshimiwa, leo ni mpangaji anayesubiri ujumbe wa Inua Jamii kwenye simu.

Haya si mageni kwa watu wa Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji cha Pangani, makao ya Waswahili na Waislamu wengine wa mji, kilibomolewa, na wakazi wengi wakahamishiwa Shauri Moyo. Jina la mtaa huo mpya linatosha kutuambia waliohamishwa walikwenda na moyo wa namna gani.

Sisi wa Pwani tuna sababu yetu ya kulifuatilia suala hili. Kule Kilifi, wazee wamekuwa wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi, na walionusurika wamekimbilia Kaya Godoma, Ganze, kuokoa roho zao. Hicho nacho ni kijiji cha wazee, ila hakuna aliyekichagua. Visababu ni vingi, ugomvi wa ardhi ukiwa mmojawapo. Lakini mzee anayeketi na vijana kila jioni ni vigumu kumgeuza mchawi usiku mmoja. Baraza humpa mashahidi.

Basi, kabla ya tingatinga kufika Majengo, wakazi wana haki ya kudai mambo manne yaandikwe katika mpango wenyewe, si katika hotuba. Kwanza, vyumba vya chini vitengewe waliopita miaka 60 na wasiojiweza. Pili, kila jengo liwe na baraza ya kukalia na ua wa ndani ambapo akina mama wanaweza kukutana kwa stara, kwa maana baraza ya barabarani tangu hapo ni ya wanaume. Tatu, majirani wahamishwe pamoja na warudishwe pamoja, wasitawanywe kwa bahati nasibu. Nne, mzee aliyekuwa na vyumba vya kupangisha apewe zaidi ya chumba cha kulala, ili abaki na riziki yake. Na mzee mpangaji, ambaye hana hati yoyote mkononi, asisahaulike.

Haya hayahitaji mabilioni. Baraza ni kiti cha saruji na kivuli. Linalohitajika ni mchoraji ramani akae pale jioni moja, anywe kahawa, atazame nani anamsalimia nani, kisha ndipo afungue karatasi zake. Wazee watamsogezea nafasi, na akiwauliza, watamwambia wenyewe pa kuiweka baraza hiyo.