TAHARIRI: Ngozi yako si uwanja wa majaribio ya TikTok

Ukiwa na ngozi inayowasha na bando kidogo, hutakosa daktari mtandaoni. Mmoja atakwambia upake ndimu, mwingine dawa ya meno, wa tatu anakuuzia krimu isiyo na lebo, ati itamaliza ukurutu kwa siku saba.

Tuambiane ukweli. Ukurutu, ule mtaani tunaita ekzema, hauambukizi na hauletwi na uchafu. Ngozi ya mwenye ukurutu hushindwa kuhifadhi maji, hivyo hukauka na kuwasha upesi. Mara nyingi hupatikana katika familia zenye pumu au mzio. Unaweza kutulizwa ukaishi nao vizuri, lakini haujapata dawa ya kuung'oa kabisa. Anayekuahidi hivyo anawinda pesa zako.

Ndimu nayo huchoma ngozi iliyopasuka. Ukitoka juani ukiwa umejipaka, unaweza kutoka malengelenge na kubaki na madoa.

Kuna suala la krimu zenye steroidi. Zikitumiwa jinsi daktari alivyoelekeza, husaidia sana. Lakini ukipaka ile kali usoni kwa miezi kwa sababu inakufanya "ung'ae", ngozi hukonda na chunusi hufumuka. Ukiipaka kwenye choa, ambacho huletwa na kuvu, wekundu hupungua huku choa chenyewe kikisambaa. Wapo pia wanaohubiri kwamba steroidi zote ni sumu. Hao nao wanapotosha, na matokeo ni mtoto anayejikuna usiku kucha wakati dawa ipo.

Hatuwezi kuwalaumu vijana pekee. Madaktari wa ngozi ni wachache, wengi wako miji mikubwa, na ada zao si mchezo. Pengo hilo ndilo wauzaji wa krimu wanalolijaza. Kaunti zifikishe huduma hii katika hospitali zao. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini. Mbona basi bado vinauzwa vibandani na mtandaoni mchana peupe?

Kwa sasa, anza na yasiyo ghali: oga kwa maji ya uvuguvugu, tumia sabuni isiyo na manukato, kisha jipake mafuta mazito ngozi ikiwa bado na unyevu. Ukiona usaha, homa au vidonda vinasambaa, funga simu uende kliniki.

Na ukikutana na mwenzako mwenye ukurutu, msalimie kwa mkono. Hakuna utakachoambukizwa.