Kichwa Kikigongwa, Tusisubiri Damu



Mara ngapi tumemwona kijana wetu akigongana kichwa na mwenzake uwanjani, akamwagiwa maji, akasimama, nasi tukampigia makofi arudi mchezoni? Tunasema, "Hakuna damu, hajaumia." Kwa maoni yetu kauli hii ni ya hatari, na wanaoisema sana ni sisi wazazi.

Ubongo una ulinzi wake. Mishipa yake midogo ya damu imejengwa kwa seli zilizobanana kama matofali yenye saruji nzuri. Oksijeni na sukari hupita, lakini sumu na vijidudu vingi huzuiwa. Kichwa kikitikiswa kwa nguvu, ukuta huo unaweza kulegea, na protini za damu zikavuja ndani na kudhuru seli za ubongo. Si lazima mtu azimie.

Mwaka 2014 watafiti waliwapima kwa MRI maalumu wachezaji wachache wa mpira wa Kimarekani. Uvujaji ulionekana kwa asilimia 40 kati yao. Kwa wanamichezo wasiogonganagongana, haukufika hata asilimia 10. Picha ya kawaida ya CT mara nyingi haionyeshi kitu, kwa hiyo picha safi si ruhusa ya kurudi uwanjani.

Wapo watakaosema, "Sisi tulicheza hivyo hivyo na tu wazima." Ni kweli, wengi hupona. Lakini anayegongwa tena kabla hajapona huweza kuumia zaidi. Uingereza tangu mwaka 2020 imewaondolea watoto wa shule za msingi mazoezi ya kupiga mpira kwa kichwa. Nasi tunaweza kuanza na hatua ndogo zaidi.

Aliyegongwa kichwa asirudi kucheza siku ile. Apumzike siku moja au mbili, kisha arudi masomoni na mazoezini pole pole. Akitapika mara kwa mara, akipatwa na degedege, akichanganyikiwa, maumivu yakizidi au ikiwa vigumu kumwamsha, apelekwe hospitali mara moja. Na juu ya pikipiki, abiria naye avae helmeti.

Nanyi wanafunzi, msifiche maumivu kwa kuogopa kukosa mechi. Mechi zitakuwepo, ubongo ni mmoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hauna fundi wa kuujenga upya.