Usimharakishe Mtu Ambaye Mungu Bado Anampika



Jumamosi iliyopita nilijaribu kitu ambacho sikuwa nimewahi kufanya: kupika kidari cha ng'ombe kwa moshi, vile watu wa Texas hufanya. Kilo mbili tu kutoka buchari, na vipande vya mti wa mpera juu ya makaa. Sisi tumezoea nyama choma: moto, chumvi, kachumbari, basi. Kidari hakikubali hivyo. Ng'ombe hana mfupa wa mtulinga, kwa hivyo misuli ya kifua hubeba uzito mwingi wa mbele. Nyama iliyobeba mzigo ni ngumu. Inataka moto mdogo, kama nyuzi 110, na saa nyingi, ndipo ilainike.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Kipima joto kilipanda mpaka nyuzi 68, kikasimama. Saa moja, kimesimama. Saa ya pili, bado. Baadaye nilielewa kwamba nyama hutoa jasho, na jasho likikauka huipoza. Kazi inaendelea ndani, lakini wewe huoni kitu. Mimi sikujua. Nikaongeza makaa.

Wapendwa, ncha nyembamba iliungua ikawa nyeusi. Katikati ilibaki ngumu kama soli ya kiatu.

Nikiwa nimesimama pale, Roho Mtakatifu akanikumbusha kijana mmoja. Aliokoka kwenye kesha, akawaka moto. Baada ya miezi mitatu nilimpa maikrofoni. Baada ya sita alikuwa kiongozi wa vijana. Kisha akapoa. Maombi yalipungua, mazoezi haji. Badala ya kukaa naye, nilimwongezea majukumu, nikidhani utumishi utamwamsha. Akaanguka, na mtaa mzima ukajua. Tulimsema sana. Lakini aliyeongeza makaa ni mimi.

Nasema wazi, hata kama wachungaji wenzangu hawatapenda: tunawaunguza watoto wa Mungu kwa haraka zetu. Kipawa huonekana siku moja, tabia hukua polepole. Paulo alimwonya Timotheo kuhusu kumpa uongozi mwamini mchanga, na kuhusu kuwawekea watu mikono kwa haraka (1 Timotheo 3:6, 5:22). Yeye mwenyewe, baada ya kukutana na Yesu, ilipita miaka mitatu kabla hajapanda Yerusalemu kuonana na Petro (Wagalatia 1:18). Sisi tunampa mtu wiki tatu na suti.

Utaniuliza, "Mchungaji, kazi ni nyingi, tutangoja hadi lini?" Kweli, kazi ni nyingi. Basi mwamini mpya apange viti, atembelee wagonjwa, akae kwenye ushirika wa nyumbani, akue. Madhabahu itamngoja. Mtenda kazi aliyeungua hafanyi kazi yoyote.

Chakula chetu kiliokolewa na Mama Mchungaji. Alipunguza moto, akaifunga nyama kwa foili, akairudisha. "Baba, sasa iache," akaniambia. Saa mbili na nusu baadaye tuliitoa, tukaipumzisha saa nzima, tukaikata kwa kukatiza nyuzi zake. Ile ncha tuliitupa, lakini katikati ilikuwa laini hata watoto waliomba tena.

Aliifunika! Soma 1 Petro 4:8 kuhusu upendo unaofunika. Kufunika si kuficha dhambi. Ni kumtoa mtu kwenye macho na midomo ya watu, akae mahali salama mpaka Mungu amalize kazi yake.

Jumapili jioni nilimtafuta yule kijana. Nilimwomba msamaha. Maikrofoni hatukuitaja. Tulikunywa chai, tukaomba, na tumekubaliana kukutana tena wiki hii.

Mpendwa, kama wewe ndiye umesimama na huoni ukipanda, usidhani Mungu amekuacha. Na kama kuna mtu uliyemwongezea makaa, mpigie simu leo, kabla hujalala.

Mungu awabariki. Amina.